Mrejesho: viti vya chini kwa chumba cha binti yangu, Bukavu

Wapendwa, niliuliza kama nimnunulie binti yangu wa miaka 14 mfuko mkubwa wa kukalia, ule wa vijipira vya povu, au nimtengenezee viti vya sponji. Chumba ni kidogo na marafiki wanakuja kusoma. Tumechukua sponji.

Mfuko unapendeza dukani, lakini vijipira husinyaa kwa uzito, kila mara unatafuta vya kuongeza. Sponji ngumu ya sentimita 15 haizami hadi sakafuni. Fundi wa Kadutu aliikata vipande vitatu, akashona foronya za kitenge zenye zipu ili zifuliwe, na mito ya kuegemea iliyojazwa mabaki ya sponji.

Aliyenishauri nitangulize mkeka, Mungu akubariki sana! Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, saruji ni baridi, na sponji ikilala juu yake moja kwa moja hushika unyevu kwa chini na kuota ukungu. Kila asubuhi binti anavisimamisha viti ukutani vipate hewa. Bibi yake magoti yanamuuma, kwa hiyo tumemwekea kiti cha mbao karibu na mlango.