Mrejesho: sikio moja kuziba ghafla

Niliuliza kama sikio lililoziba ghafla bila maumivu lisubiriwe au lipelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Lipelekwe, tena upesi. Daktari alipomulika ndani hakukuwa na nta wala usaha. Akagonga kile kichuma chenye ncha mbili kinacholia, akakisimamisha katikati ya paji la uso. Mlio ukisikika zaidi sikio bovu, mara nyingi ni nta au majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio; ukienda sikio lisilo na tatizo, kama hapa, inashukiwa sikio la ndani au neva ya usikivu. Kipimo cha usikivu kikathibitisha. Nimeanzishiwa steroidi (dawa za kupunguza uvimbe), ambazo hufaa zaidi zikianza ndani ya wiki 2. Matone ya kulainisha nta (ushauri wa wengi!) yangekula muda bure.