Simu ya RAM GB 2 inakuwa nzito kila programu ikisasishwa: tatizo ni ART (sehemu ya Android inayoendesha programu)?

Mwalo_Kibirizi
Wakuu, habari za saa hizi. Simu ya mteja ni Android 8.1, RAM GB 2, hifadhi GB 16, nafasi iliyobaki MB 400. WhatsApp ikisasishwa tu inakuwa nzito, orodha ya soga inakwamakwama. Simu ya aina hiyohiyo iliyoko Mwanga, mjini Kigoma, inarudi kuwa nyepesi baada ya siku chache. Hii ya hapa mwaloni, wanakoshusha samaki, hairudi. Inatibika bila kuflashi (kuweka upya mfumo wote wa simu)?

KasuluDex
Mkuu, uliza kwanza inachajiwaje. Programu ya Android haiji ikiwa kodi ya prosesa (maelekezo ambayo prosesa inayaelewa moja kwa moja), inakuja na faili la classes.dex, na ART ndiyo mashine pepe inayoliendesha. Android 5 na 6 zilikompaili (ziligeuza dex kuwa kodi ya prosesa) kila kitu wakati wa kusakinisha. Tangu Android 7 (2016) mambo ni tofauti: ART inaanza kwa kutafsiri amri moja moja, JIT (kikompaili kinachofanya kazi programu ikiwa inatumika) inakompaili zinazorudiwa sana na kuziweka kwenye RAM, na orodha yake inaandikwa kwenye profaili. Kukompaili kwa kudumu kunasubiri simu iwe imewashwa, iko kwenye chaji na haiguswi.

Simu za mwaloni nyingi zinaachwa kwenye kibanda cha sola zikiwa zimezimwa. Zikirudi, zinatumika mpaka chaji iishe. Kazi hiyo itafanyika saa ngapi? Na kila sasisho linatupa kodi ya zamani, maana ilitokana na dex ya zamani.

MB 400 nayo ni kikwazo. Nafasi ikishuka chini ya kizingiti (kwa kawaida asilimia 5 ya hifadhi, isiyozidi MB 500), Android inaiacha kazi hiyo. Futa video za WhatsApp ubakize angalau GB 1.

Ujiji_adb
Nakubaliana na KasuluDex. Kama mteja hawezi kuiacha ikichaji usiku ikiwa imewashwa, ilazimishe kwa kompyuta kupitia adb, zana ya kuiamuru simu kwa waya wa USB. Kwenye Mipangilio gusa Nambari ya muundo mara 7, washa Utatuzi wa USB, kisha itumie WhatsApp dakika kadhaa ili profaili ijae. Profaili ikiwa tupu, amri itakubali lakini hutaona tofauti. Halafu:

`adb shell cmd package compile -m speed-profile -f com.whatsapp`

Subiri neno Success. `adb devices` ikionyesha unauthorized, kubali ombi kwenye kioo cha simu. Isipoonyesha kitu kabisa, mara nyingi waya ni wa kuchajia tu, hauna nyaya za data.

Mwalo_Kibirizi
Shukrani wakuu. Vipi nikiweka `-m speed -a` nimalize programu zote kwa mpigo?

Ujiji_adb
Usithubutu kwenye GB 16. Speed inakompaili hata sehemu ambazo mteja hazifungui kamwe, na mafaili ya odex (kodi iliyokompailiwa) yatakula nafasi uliyotoka kuikomboa. Fanya WhatsApp na programu nyingine mbili tatu anazotumia kila siku, basi. Sasisho likija, rudia.