Hojaji ya wapiga kura wa mbunge Kilifi: kila mtu anajibu "sera". Nirekebishe wapi?

mtafiti_pwani: Wakuu, naomba ushauri. Nataka kujua wapiga kura wa eneo bunge moja Kilifi huchagua mbunge kwa kigezo gani: chama, ukoo, basari (msaada wa karo) au kazi ya bungeni. Hojaji 400, makarani 6, siku 5. Kwenye majaribio karibu wote wanasema "sera", na hakuna anayekiri kupewa pesa.

takwimu254: Ukiuliza "kwa nini ulimchagua?" utapewa jibu la heshima. Uliza vitendo. Fomu ya basari ilipitia kwa nani? 2022, karatasi ya kijani ya mbunge ilienda chama kimoja na ile nyeupe ya rais? Hapo utaona kama wimbi la chama ndilo lililombeba. Tenganisha majukumu pia: zahanati na chekechea ni za kaunti, NG-CDF (hazina ya maendeleo ya eneo bunge) hujenga madarasa ya msingi na sekondari na kutoa basari. Mbunge akilaumiwa kwa zahanati isiyo na dawa, usihesabu hiyo kama tathmini ya kazi yake.

karani_mkuu: Sokoni na maskani utawapata vijana wa kiume na wapambe wa wagombea. Chagua vituo 40 vya kura kwa bahati nasibu, watu 10 kila kituo. Ukitoka kituoni, kila nyumba ya 5 upande wa kulia. Zamu ya mwanamke, zamu ya mwanamume, majina yavutwe kwenye vikaratasi. Asiyekuwepo arudiwe mara 2, jioni, wala usimchukue jirani badala yake. Mzee wa mtaa akuonyeshe njia kisha aende zake. Akikaa, majibu yanabadilika. Uliza pia mtu amejiandikisha kituo gani. Mpangaji wa Mtwapa huenda kura yake iko bara.

mtafiti_pwani: Asante. Kuhusu pesa, vipi mbinu ya orodha? Kundi moja lisomewe mambo 4, jingine 5 (la tano likiwa kupewa pesa), kila mtu ataje idadi tu ya yaliyomtokea.

takwimu254: Nzuri, ila si kwa watu 400. Tofauti ya wastani kati ya makundi ikiwa 0.3, makadirio ya waliopewa pesa ni 30%, lakini kwa watu 200 kila upande kosa ni kama pointi 20 juu na chini. Yaani 10% hadi 50%, bado uko gizani. Afadhali kikaratasi kisicho na jina, akiweke tiki mwenyewe na kukitia kwenye sanduku lililofungwa. Neno "rushwa" liondoe. Andika pesa, unga, leso, fulana. Halafu uliza alipokea kwa wagombea wangapi. Aliyepokea kwa watatu amempigia mmoja tu, kwa hiyo kupokea peke yake hakukuambii kura ilikwenda wapi.

karani_mkuu: Waliosema walipiga kura watazidi ukweli. Kitaifa 2022 waliopiga walikuwa takriban 65% ya waliojiandikisha. Linganisha na fomu 35A (za matokeo ya ubunge) za vituo vyako. Swali lianze hivi: "Wengine hawakufika kwa sababu ya foleni, safari au ugonjwa. Wewe ilikuwaje?" Na kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kitangulie, nakala kwa kamishna wa kaunti, la sivyo makarani watarudishwa njiani.