Kabati la mama limetoka madoa ya kahawia baada ya kulipaka rangi nyeupe, naombeni ushauri

Mshona_Mapazia:
Wakuu, habari za muda huu. Nina kabati la droo nne aliloniachia mama. Mbao nzito nyekundu, vanishi imechoka ila mwili bado mzima. Nikaona picha za makabati ya zamani ambayo rangi yake imepasuka-pasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, nikasema na mimi nijaribu.

Nilifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikapiga rangi nyeupe ya maji. Ilipokauka yakajitokeza madoa ya kahawia, kama maji ya kutu. Nikapiga mkono wa pili, yakarudi. Wa tatu, yakarudi. Nikaona potelea mbali, nikapaka gundi ya mbao ili rangi ya juu ipasuke, nikaiacha usiku kucha ikauke vizuri, asubuhi nikapiga bluu juu yake. Hakuna ufa hata mmoja. Juzi mtoto kagonga kona na kiti, rangi ikatoka kipande kizima kama gamba la nyoka. Chini yake vanishi inang'aa kana kwamba haijawahi kuguswa.

Madoa yanatoka wapi? Mbona haipasuki? Nianze upya au niliuze tu? Mume wangu ameshaanza kuliita "mgonjwa".

Kitasa:
Pole dada, ila acha nikulaumu kwanza. Mbao nyekundu halafu unaifunika rangi? Ungepiga msasa na vanishi mpya, basi.

Mshona_Mapazia:
Nilitamani hivyo. Juu lina alama mbili za pasi zilizochoma hadi ndani ya mbao, na ubavu mmoja una kiraka cha mbao nyingine kabisa. Vanishi isingeficha kitu.

Kitasa:
Hapo sawa. Nimeufyata.

Luteni_Mstaafu:
Piga rangi ya mafuta, biashara imekwisha.

FundiMkimya:
Dada, hayo ni matatizo matatu tofauti, usiyachanganye.

Tuanze na madoa maana ndiyo yamekula rangi yako bure. Mbao kama mahogani ina tanini, kemikali ya asili ya mti inayoacha madoa ya kahawia. Rangi ya maji ikiifikia, yale maji yanaiyeyusha, na yanapopanda kukauka yanapanda nayo. Ukiongeza mkono mwingine wa rangi ileile umeongeza maji, yaani umeyaita tena. Dawa yake ni kuweka kizuizi kisicho na maji katikati. Mimi natumia shelaki, ule utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti. Mikono miwili myembamba inatosha, na penye hewa nzuri kila mmoja hukauka ndani ya saa moja hivi. Doa likiendelea kuchungulia, ongeza hapo hapo tu, si kabati zima.

Kubabuka sasa. Kosa ni kile kitambaa kikavu. Kabati la umri huo limefutwa nta na mafuta ya kung'arishia miaka nenda rudi, na rangi haishiki kwenye nta, inalala tu juu yake. Habari njema ni kwamba uliyopaka itabanduka bila ugomvi. Tumia kikwangulio cha plastiki usije ukaichimba mbao. Kisha futa kwa tapentaini na kitambaa cheupe, ubadilishe kitambaa kila kikichafuka, mpaka kitoke safi. Fungua madirisha. Likishakauka, msasa namba 180 kufuata mishipa ya mbao, usizungushe mkono. Hutafuti kuifikia mbao, unataka ule mng'ao ufe na ukipitisha kiganja usikie ukakasi kidogo.

Halafu, kabla hujapaka lote, jaribu nyuma ya kabati eneo la kiganja kimoja. Pitisha hatua zote pale. Kesho yake chora misalaba kwa wembe, bandika selotepu, ivute kwa ghafla. Rangi ikibaki kwenye mbao, endelea. Ikija na selotepu, rudi kwenye tapentaini. Mipasuko nawaachia wenye moyo, mimi fundi wa kazi zilizonyooka.

Luteni, rangi ya mafuta ingesaidia kwenye madoa, sikatai. Lakini nyeupe ya mafuta hugeuka njano, hasa pasipofika mwanga. Na mipasuko ya gundi haitaki mafuta juu yake.

Luteni_Mstaafu:
Imepokelewa.

Bi_Msasa:
Mipasuko ndiyo ugonjwa wangu, nipisheni.

Mshona, gundi umeiua kwa subira yako. Rangi ya juu inapasuka kwa sababu inakauka na kusinyaa wakati gundi chini yake bado inateleza, inavutika, haina pa kujishikiza, inachanika. Gundi yako ililala ikakauka, rangi ikapata sakafu imara, ingepasuka kwa sababu gani?

Fanya hivi. Rangi ya chini iwe imekauka kabisa, na iwe na tofauti ya wazi na ya juu, maana ndiyo itakayoonekana kwenye nyufa. Chomoa droo uzilaze uso ukiangalia juu, ukizisimamisha kila kitu kitatiririka. Paka gundi nyeupe ya mbao, usiibane. Gusa pembeni kila baada ya muda: ikishika kidole lakini haikifuati unapokiinua, ndiyo wakati wenyewe. Mara nyingi ni dakika 15 hadi 30, ila hali ya hewa ndiyo inayoamua, kwa hiyo amini kidole kuliko saa. Hapo chovya brashi vizuri kwenye rangi ya maji isiyong'aa, pita mara moja, toa mkono. Ukirudi pale pale unaikoroga na gundi, linakuwa tope. Najua mkono utakuwasha. Usirudi.

Nyufa zinaanza kufunguka mbele ya macho yako, hicho ndicho kinachonifanya nisiache. Gundi nzito inatoa nyufa pana, nyepesi inatoa nyembamba. Ukitumia brashi, nyufa zinafuata mwendo wake, ukigongagonga kwa sponji zinatawanyika kama utando wa buibui. Jizoeze kwanza kwenye kipande cha ubao.

Na tafadhali, usipasue kabati zima. Uso wa droo mbili unatosha. Likipasuka lote linaonekana kama lilinusurika moto.

Jicho_la_Tai:
Kama hutaki kamari ya gundi, kuna mshumaa. Rangi ya kwanza ikikauka, sugua mshumaa kwenye kona na kingo, pale ambapo mikono ingechubua kwa kawaida. Piga rangi ya pili, ikikauka pitisha msasa namba 220 taratibu. Penye nta itaachia yenyewe, ya chini ichungulie. Nimefanya hivyo kwenye stuli na fremu za picha.

Pia angalizo: mkikuta rangi ya zamani sana chini ya vanishi, msiikwangue kikavu. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, Marekani waliizuia kwenye rangi za majumbani mwaka 1978 tu. Vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa.

Mshona_Mapazia:
Chini ni mbao tupu, nimekwangua nikaona. Na juu ya nyufa nipake nini? Naogopa zitamenyeka.

Bi_Msasa:
Zitamenyeka usipozifunga. Vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili, lakini subiri hadi kesho yake. Vanishi ya mafuta itaigeuza nyeupe yako njano. Na kukauka kwa kugusa si kukomaa, lipe wiki tatu au nne kabla hujaweka kitu kizito juu yake.

Mshona_Mapazia:
MREJESHO. Wakuu, samahani kwa kimya. Tapentaini ilimaliza vitambaa sita, cha kwanza kilitoka na rangi ya asali, nikashangaa tumekaa na uchafu ule miaka yote. Shelaki mikono miwili, madoa kwisha habari yake. Selotepu ilitoka mikono mitupu. Nyuso za droo mbili za juu nimezipasua, bluu chini, nyeupe juu. Ya kwanza nilirudisha brashi (Bi_Msasa ulinionya), ikawa tope, nikaifuta ingali mbichi nikaanza upya. Ya pili nilikaa sakafuni nikaiangalia inavyofunguka mpaka simu ikaungua kuita. Mume wangu kaanza kuwaita majirani waje waone kabati "letu".

Tatizo moja tu limebaki. Droo ya tatu sasa haiingii hadi mwisho, naisukuma kwa goti.

FundiMkimya:
Umepaka rangi mpaka mbavuni mwa droo, sivyo?

Mshona_Mapazia:
Nimepaka.

FundiMkimya:
Itoe yote kwa msasa. Halafu mwombe Jicho_la_Tai ule mshumaa wake, usugue pale inapoteleza.