Siku Mkuu wa Mkoa alipofika kazini kwako: tupeane uzoefu

Mtendaji Kijiji
Wakuu, asubuhi msafara umepita hapa barabarani, king'ora mbele, gari la bendera katikati. Moyo ukanidunda kama bado niko kazini. Nilikuwa mtendaji wa kijiji miaka 11. Ukisikia Mkuu wa Mkoa anakuja kesho, hakuna kulala: kufyeka njia, kuazima viti kanisani, kuandika upya taarifa ya mapato na matumizi. Wewe ilikukutaje?

Nesi wa Zahanati
Sisi tuliambiwa jioni. Kliniki ya kina mama ikaahirishwa ili tufanye usafi. Msafara ukapita moja kwa moja, hata kioo hakikushuka. Wale kina mama walitembea kwa miguu kuja na kurudi. Bado inaniuma.

Fundi Bomba
Kweli kabisa, dada.

Mwalimu wa Sekondari
Sikutaka kuandika, ila mmenikumbusha.

Novemba 2021, zile fedha za UVIKO, yaani za kukabiliana na korona. Madarasa 15,000 nchi nzima, milioni 20 kila darasa, yaishe kabla form one hawajaripoti Januari. Shule yangu ilipata mawili. Fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuajiri mafundi yenyewe bila mkandarasi, kwa hiyo mimi mkuu wa shule ndiye mwenye dhamana, na kamati ya ujenzi ni wazazi. Fikirieni wilaya nzima inatafuta bati zile zile wiki ile ile. Mzabuni alisaini, bati hazikuja. Kuta ziko kwenye lenta, mafundi wamekaa chini ya mwembe.

Msafara ukaingia saa tano. Akashuka, akatazama juu. "Paa liko wapi?" Nilikuwa na faili mkononi: stakabadhi zote, na barua tatu nilizomwandikia mzabuni. Nikaanza, "Mheshimiwa, naomba nieleze..." Hakulipokea. Akamgeukia OCD, mkuu wa polisi wa wilaya: "Huyu akalale ndani." Form three walikuwa madirishani. Mwanangu wa pili alikuwa miongoni mwao.

Siku mbili mahabusu. Sikuchukuliwa maelezo, sikufikishwa mahakamani, sikupewa hata karatasi. Natoka, naambiwa bati zimefika jana yake. Madarasa yanatumika mpaka leo, hakuna senti iliyopotea. Ila siku ya kwanza niliposimama mstarini mbele ya wale watoto sauti haikutoka. Makamu ndiye aliyesoma matangazo.

Nesi wa Zahanati
Pole sana mwalimu wangu. Nimesoma nikasimama.

Mkazi wa Kata
Pole, lakini tuseme ukweli: bati zilifika baada ya wewe kulala ndani. Hela za umma zinaliwa kila siku, mnataka watu wabembelezwe?

Kijana wa Sheria
Aliyepaswa kufuatwa ni mzabuni! Someni Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 7. Hizo saa 48 za kumweka mtu ndani ni kwa mtu aliyetenda kosa la jinai mbele ya Mkuu wa Mkoa, au ambaye Mkuu wa Mkoa anajua amelitenda, au anayehatarisha amani. Na sababu ziandikwe. Mkuu wa Wilaya naye ana kifungu chake, cha 15. Bati kuchelewa ni kosa gani la jinai?

Mkazi wa Kata
Vifungu havijengi zahanati. Yetu iliisha mkandarasi alipolala ndani.

Kijana wa Sheria
Na siku ukilala wewe?

Mzee wa Tawala
Vijana, tulieni. Mimi nimeanza kazi 1972, Madaraka Mikoani. Halmashauri zikavunjwa, kila kitu kikawa mkoani, hadi ziliporudi 1984. Leo hela za miradi ziko halmashauri, kwa mkurugenzi. Mkoani kuna Sekretarieti chini ya Katibu Tawala, kazi yake kushauri na kusimamia. Mkuu wa Mkoa ameteuliwa na Rais, hana kura ya kuomba wala mfuko wa kujengea, na bado paa lisipoonekana anaulizwa yeye. Ndiyo maana akifika anatafuta wa kumshika hapo hapo. Simtetei. Mwanangu mwalimu, ile barua kwa mzabuni ungempa nakala Katibu Tawala mapema.

Mwalimu wa Sekondari
Shikamoo mzee. Nakala nilipeleka kwa mkurugenzi. Ya mkoani sikuifikiria.

Afisa Kilimo
Ushauri: jibu kwa namba tu. Asilimia ya ujenzi, kiasi kilichotumika, tarehe ya kumaliza. Ukianza "naomba nieleze" umekwisha.

Mtendaji Kijiji
Tarehe usitaje kabisa! Ukitaja umejifunga. Mweke diwani mbele, huyo amechaguliwa na wananchi, hafokewi ovyo.

Afisa Kilimo
Diwani wetu ndiye aliyenichongea jukwaani.

Fundi Bomba
Beba sweta. Sakafu ya mahabusu ina baridi, nasema kwa kuijua.

Mhasibu Msaidizi
Mtendaji, huo msafara wa asubuhi ulielekea upande gani? Niko ofisi ya kata na kituo chetu cha afya hakijapigwa lipu.