Mzee wangu anataka kuona minara ya vita London: tumtembeze wapi polepole?

Binti_Pangani
Habari za Jumamosi wadau. Baba yangu yuko London kwa mara ya kwanza. Umri umekwenda na goti la kushoto linamsumbua, ila kukaa ndani hataki. Anachotaka ni kutembea bustanini taratibu na kuona minara ya kumbukumbu ya vita, kwa sababu marehemu babu alikuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) na alipelekwa Burma, Myanmar ya leo, kwenye Vita vya Pili. Baba amekua akisikia habari za mvua ya kule na ruba. Juzi tulipita mtaa wa Whitehall, akawatazama majenerali wa shaba mmoja mmoja, kisha akaniuliza, "Na sisi wametuweka wapi?" Nilikosa la kumjibu. Wenyeji, ipo njia isiyo na ngazi nyingi, yenye mabenchi, inayofika kwenye mnara unaotutaja na sisi?

Mzee_Mtembezi
Mpe baba shikamoo yangu. Alichouliza kina jibu, na si mbali na mlipopita.

Shukeni kituo cha Green Park. Kina lifti, na ukitokea upande wa bustani huna barabara ya kuvuka. Fuateni njia za chini ya miti kuelekea Hyde Park Corner, mkipumzika goti likidai.

Mwisho wa barabara ya Constitution Hill mtakuta nguzo nne za mawe zenye vyungu vya shaba juu. Hizo ndizo Memorial Gates, alizozifungua Malkia Elizabeth mwaka 2002, kwa heshima ya watu milioni tano wa Bara Hindi, Afrika, Karibi na Nepal waliopigana upande wa Uingereza katika vita vikuu viwili. Afrika imeandikwa pale kwenye jiwe, mzee ataisoma mwenyewe. Kando kuna kibanda chenye kuba. Ingieni, mtazame juu: ndani ya kuba kuna majina ya waliotunukiwa Victoria Cross na George Cross, nishani za juu za ushujaa. Vita viliisha 1945, hesabuni wenyewe tulisubiri kiasi gani. Linaniuma kila nikipita, na bado nampeleka pale kila mgeni wangu.

Halafu vukeni kwenye taa mwende ile sehemu ya katikati yenye lango la Wellington. Wengi hupiga picha ya lango wakaondoka. Ninyi nendeni kwenye mnara wa askari wa mizinga, wa mwaka 1925. Juu yake kuna mzinga mkubwa wa jiwe, lakini zungukeni mpaka mmwone askari aliyekufa. Ni wa shaba, amelazwa chali, koti lake la jeshi limemfunika mpaka uso. Kofia ya chuma iko kifuani, buti zimechomoza. Huwezi kujua alikuwa nani wala alikuwa na umri gani. Mchongaji, Charles Sargeant Jagger, alipigana vita vile na akajeruhiwa. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba maiti awepo, hata akawa tayari kulipia gharama yake. Mnara huo ni wa wapiga mizinga 49,076 waliokufa Vita vya Kwanza. Kwangu mimi hakuna mnara mkweli kuliko huo mji mzima.

Kijana_wa_Peckham
Naongezea kwa Mzee. Kabla hamjatoka Green Park, upande wa Piccadilly, kuna mnara wa vikosi vya ndege za mabomu, wa 2012: wanajeshi saba wa anga, wa shaba, wamesimama kama ndio kwanza wametua. Dari yake ina bati la ndege ya Halifax iliyodunguliwa Ubelgiji mwaka 1944. Na siku nyingine mpeleke Brixton, Windrush Square. Mnara wa pale, wa 2017, ni wa askari wa Afrika na Karibi peke yao.

Msoma_Kumbukumbu
Kuhusu babu: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyowafukuza Wajapani kupitia Bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ikinyesha, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Mlikuwamo watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya sasa). Kwa hiyo hadithi za mvua na ruba si chumvi za wazee.

Mzee akiuliza kuhusu wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Kariakoo (yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi), asifichwe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba zaidi ya watu laki moja waliokufa vita vile, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Binti_Pangani
Ahsanteni sana, tunakwenda kesho. Msoma_Kumbukumbu, babu alikuwa na kaka yake, waliondoka pamoja, lakini kaka huyo hakurudi. Baba ana jina lake ila hana namba ya jeshi. Naweza kumtafuta?

Msoma_Kumbukumbu
Unaweza. Ingia tovuti ya hiyo Tume, andika jina, chagua Vita vya Pili. Wasio na kaburi linalojulikana huko Burma wako kwenye mnara wa Taukkyan, karibu majina 27,000. Jaribu tahajia kadhaa, maana makarani waliandika walivyosikia. Ukikwama niandikie hapa jina la ukoo na wilaya, tutafute pamoja.