Kompyuta niliyoipandisha kasi inazima ghafla na kutoa skrini ya buluu: naombeni ushauri

MpigapichaIlazo

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni mhariri wa video za harusi na sendofu hapa Ilazo, Dodoma, na kompyuta yangu ya mezani ndiyo inayonilisha. Ina prosesa ya Intel Core i5-9600K, RAM ya gigabaiti 16 katika vijiti viwili, na pawa saplai ya wati 550 ambayo nilinunua pamoja na mashine yenyewe ikiwa imeshatumika. Mwezi Juni niliingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) nikapandisha kasi hadi gigahezi 4.9 kwa koa (viini vya prosesa) zote sita, nikaweka volti 1.30, kisha nikawasha XMP, yaani mpangilio wa kuipandisha kasi RAM, ili iende 3200. Kazi ya kurenda (kutoa video iliyokamilika) iliyokuwa ikichukua dakika 47 ikashuka hadi 41, nami nikajiona fundi.

Tangu mwishoni mwa Septemba mambo yameharibika. Wakati mwingine, nikiwa katikati ya kurenda, inatokea skrini ya buluu yenye maneno WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Wakati mwingine mashine inazima kama iliyochomolewa kwenye soketi, bila onyo lolote, kisha inajiwasha yenyewe. Katika kumbukumbu za matukio za Windows naona Kernel-Power namba 41 kila mahali. Fundi mmoja wa mjini ameniambia ninunue prosesa nyingine. Nina harusi tatu za kukabidhi mwezi huu. Je, prosesa imekufa kweli?

Nyikani

Pole, mkuu. Fungua kesi kwanza utazame vumbi. Upepo wa Agosti na Septemba hapa kwetu hauachi kitu, na mimi niliwahi kukuta kipozeo kimevaa blanketi. Unapopuliza kwa blowa, shikilia feni kwa kidole isizunguke.

Fundi wa Nzuguni

Ndugu, usinunue prosesa. Namba 41 ni kama taarifa ya msiba isiyotaja ugonjwa: inasema tu kwamba Windows iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Ile WHEA ndiyo yenye habari, kwa sababu ni prosesa yenyewe inayoripoti hitilafu ya vifaa, na kwenye mashine iliyopandishwa kasi sababu ya kawaida ni volti kutotosha kwa kasi uliyoidai.

Tazama hesabu ilivyo. Kiwandani prosesa hiyo huenda gigahezi 4.3 koa zote zinapofanya kazi, na 4.6 hupatikana kwa koa moja tu. Umeme inaoutumia hupanda kwa mraba wa volti na tena kwa kasi, kwa hiyo kama awali ilikuwa kwenye volti 1.20 hivi, sasa unatoa joto zaidi kwa karibu theluthi moja. Mwezi Juni baridi ya Dodoma ilikuwa inakusaidia bila wewe kujua. Chumba kikiongezeka nyuzi nane, prosesa nayo huongezeka karibu nane zile zile, na volti iliyotosha usiku wa Juni haitoshi tena mchana wa Oktoba. Isitoshe, kurenda hutumia maagizo ya AVX ambayo ni mazito kuliko kazi nyingine, ndiyo maana mashine inaweza kucheza gemu siku nzima halafu ikaangukia kwenye harusi.

Kabla ya yote, nakili video za wateja kwenye diski ya nje, maana RAM isiyotulia huharibu mafaili kimyakimya. Kisha rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, XMP ikiwemo, urende kazi ile ile mara mbili. Ikipita, washa XMP peke yake na uiachie MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Kasi ya prosesa iwe ya mwisho kurudishwa. Ukigusa vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichokuponya.

Mama Kongwa

Mwanangu, fundi amesema vizuri kuhusu skrini ya buluu, lakini ule uzimaji wa ghafla mimi nautilia shaka nyingine. Kompyuta umeichomeka wapi, na ni kitu gani kingine kinachotumia umeme huo? Wakati mwingine andika saa inapozima.

MpigapichaIlazo

Shikamoo mama, na asanteni nyote. Imepita wiki moja na nimefuata maelekezo. Vumbi lilikuwepo, si haba. Katika mipangilio ya kiwandani nimerenda kazi nne bila skrini ya buluu hata moja, na MemTest86 yenye XMP imemaliza bila kosa. Hata hivyo mashine imezima ghafla mara mbili, tena ikiwa haina kazi yoyote, na mara zote mbili ilikuwa jioni. Mara ya pili nilikuwa nimekaa pembeni yake: friza ya mke wangu ya kuuzia barafu ilinguruma chumba cha pili, taa ikafifia, stabilaiza ikalia "ta!", na kompyuta ikawa imekwenda. Vyote vinatumia ekstensheni moja.

Mama Kongwa

Ndiyo hiyo. Kompresa ikianza huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, volteji inashuka, na stabilaiza ya swichi za ndani inapobadili njia hukata umeme kwa kitambo kidogo sana. Pawa saplai nzima huvumilia milisekunde 16 hivi, lakini iliyozeeka, ambayo kapasita zake zimechoka, haifiki hapo. Mpe friza soketi yake ukutani, nawe utafute UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika).

Fundi wa Nzuguni

Nakubaliana na mama. Mimi nilikuwa nimeyaweka matatizo yote kapu moja. Pawa saplai hiyo ibadilishwe utakapopata nafasi. Ukitaka kurudisha kasi, anza na gigahezi 4.7, weka punguzo la AVX kuwa 2 ili wakati wa kurenda ishuke hadi 4.5, na joto lisizidi nyuzi 85. Tafuta pia tukio la WHEA-Logger namba 19: hilo ni kosa lililosahihishwa, na likionekana ujue skrini ya buluu iko njiani.

MpigapichaIlazo

Friza imehama tangu Jumatatu na UPS nimeazimwa na jirani. Siku sita, hakuna kuzima. Kasi nimeiacha ya kiwandani hadi nikabidhi harusi ya tatu. Zile dakika sita nitazisubiri nikinywa chai.